Uso wa Mkwe

Hakuna mtu katika mji wa Kisii aliyewahi kupigwa picha na Bwana Zarubini akabaki na heshima yake yote. Wapiga picha wengine husimama mbele yako kama watu, wakakwambia keti wima, funga mdomo, usipepese macho. Huyu wetu alilala chini. Alilala kifudifudi pale uani kwangu, tumbo kwenye vumbi, kamera ikiielekea pua yako kutoka chini, akipiga kelele, "Bado, bado! Tazama mlima!" Siku nyingine alipanda juu ya paa la duka langu akakupiga kutoka huko, na picha ikitoka unaona kofia yako na ncha za viatu, katikati hakuna mtu. Na zote zilikuwa za upande. Nyumba zimeinama, nguzo zimeinama, hata msikiti wetu ulionekana unataka kujilaza. Ndiyo maana mji ukamwita Bwana Kombo. Yeye alidhani ni jina la heshima, akaliandika mlangoni pake kwa rangi nyekundu.

Mimi ni Batuli binti Warsame, fundi cherehani. Baba yangu alikuja Kisii na ng'ombe kutoka kaskazini, akauza ng'ombe, akabaki. Mama yangu Bosibori ni wa Manga, kule juu kilimani. Kwa hiyo mimi nasali msikitini na nagombana kwa Kigusii. Mume wangu alipofariki aliniachia duka, binti yetu Samsam, na chumba cha nyuma kisicho na dirisha ambacho hakuna mpangaji aliyekitaka. Bwana Zarubini alipokiona alipiga makofi kwa furaha. Picha husafishwa gizani, na chumba kile kilikuwa na giza la kumtosha.

Alifika kabla ya vita vya Hitler, na maisha yake nilipewa vipande vipande, mimi nikishona, yeye ameketi sakafuni akinipangia vifungo kwa rangi bila kuombwa. Kwao Urusi alikuwa mchoraji. Si wa maua na ng'ombe. Alichora duara na mistari, na aliniapia kwamba watu walipanga foleni kwenda kuitazama. Mapinduzi yalipokuja, yeye na wenzake walikuwa vijana, wakadhani ulimwengu mzima utashonwa upya, kuanzia vikombe mpaka suruali. Wakachora matangazo ya mikate, vibanda vya magazeti, nguo za wafanyakazi wa viwandani. Baadaye akaweka brashi akashika kamera, akaanza kukata picha kwa mkasi na kuzibandika upya, kichwa cha huyu hapa, daraja la kule pale, mpaka karatasi moja ikasema jambo ambalo picha moja isingeweza kulisema peke yake.

Kisha wakaja wakubwa wengine, wapenda picha zilizonyooka. Wakamwita wakamwambia kwamba mfanyakazi katika picha yake ana pua kubwa kuliko kiwanda, na hiyo ni dharau. Arudie, na safari hii mfanyakazi atabasamu. Yeye akajibu kwamba siku ile mfanyakazi hakuwa na la kumfanya atabasamu. Baada ya jibu hilo ilimbidi apande meli ya makaa ya mawe bila kuaga mtu. Meli ikamfikisha Bombay, Bombay ikamchosha, akavuka mpaka Mombasa, akapanda gari la moshi hadi Kisumu, na lori la chumvi likamleta kwetu. Nilimuuliza mbona hakusimama Nairobi. Akasema Nairobi wapiga picha walikuwa tele, na wote walipenda kunyoosha.

Sitaki mtu adhani alikuwa kero tu. Alinichorea ovaroli yenye mifuko kila mahali, mfuko wa mkasi, mfuko wa penseli, mfuko wa kipande cha mkate, nikamshonea huku nacheka. Wiki haikuisha, makanika wa gereji akaja kuagiza kama ile, akafuata mchinjaji, nikafunga mdomo nikashona. Ubao wa duka langu aliuchora yeye, sindano nyekundu imepita kona hadi kona na jina langu linaiteremka. Watu waliucheka, kisha wakaingia kuuliza, na aliyeingia kuuliza hakutoka bila kupimwa gauni. Nilimpenda yule mzee kama mtu anavyompenda jirani msumbufu ambaye akisafiri nyumba inapoa.

Basi mwaka wa hamsini na moja, msimu wa kuvuna wimbi, akaja Esnah.

Esnah ni binti wa mjomba wangu, mjane, aliolewa Gesima. Ana mtoto mmoja tu, Drusilla, na Drusilla ameolewa na Alfayo, kijana aliyekuwa karani hapa mjini. Siku hiyo Esnah alikuwa ametembea tangu alfajiri. Hakukubali kiti, hakukubali chai. Alisimama katikati ya duka na viatu vyake mkononi.

"Batuli mwana wa Bosibori," akasema, "wanaondoka. Alfayo amepata kazi ya reli, Tabora. Lori lao ni Jumatatu. Wanamchukua na mtoto."

Nikampa pole. Akaitikia kwa kichwa tu, maana pole sicho kilichomleta.

"Nataka picha. Nataka wote, Drusilla, mtoto, na mimi." Akashusha sauti kama mwizi. "Na yeye."

Hapo lazima nieleze. Mgusii ana kitu kiitwacho chinsoni, na Kiswahili hakina neno moja la kukibeba. Ni haya, ni adabu, ni mpaka. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Si chuki hata kidogo. Wanaopendana ndio wanaochunga zaidi. Na Esnah alimpenda yule kijana. Mvua ya mawe ilipomwangushia paa, Alfayo ndiye aliyeezeka tena kwa mikono yake mwenyewe, na muda wote wa kazi Esnah alikaa kwa jirani mpaka amalize. Waliongea wakati mwingine, mmoja ndani, mmoja nje, ukuta katikati. Alimjua kwa sauti, sauti nzito ya mtu mkubwa, na kwa mgongo, na kwa viatu. Kanisani siku ya harusi alitazama sakafu.

"Sijawahi kumwona usoni, Batuli," akasema. "Anamchukua mtoto wangu mpaka mahali nisipopajua, na nikiulizwa amechukuliwa na nani, sina la kusema. Nataka nimwone, lakini nisivunje kitu."

Macho yake yalikuwa yamejaa, na mimi machozi ya mtu yananiambukiza upesi, kwa hiyo nikamgombeza kidogo, nikampeleka nyuma kwa Bwana Zarubini.

Nilimweleza Mrusi kwamba watu hawa hawawezi kusimama pamoja mbele ya kamera. Sikumaliza. Uso wake uling'aa.

"Pamoja hapana? Vizuri sana! Mimi napiga yeye leo, wale kesho. Halafu kata, halafu bandika. Hii ndiyo kazi yangu, Mama Samsam! Miaka mingi hakuna mtu naomba mimi hii kazi!"

Akampiga Esnah picha, yeye akiwa juu ya paa, Esnah akiwa amesimama uani amegeuzwa huku na kule kama ng'ombe wa mnadani, kisha akashuka akalala chini, na Esnah akaruka nyuma akasema kwa Kigusii kwamba hajawahi kulaliwa miguuni na mwanamume, wala hataki kuanza uzeeni. Nikamfunika miguu kwa leso yangu, akatulia. Kesho yake wakaja Drusilla na Alfayo na mtoto. Alfayo alipigwa kutoka chini, shingo imenyooka, macho juu, kidevu kimekamata mwanga. Alikuwa kijana mzuri, tusifichane.

Ijumaa baada ya sala Bwana Zarubini alitutolea karatasi yake, kubwa kama mto wa kitanda. Esnah alikuwepo, na Drusilla, na shemeji yake Esnah aitwaye Momanyi, mzee wa kanisa, ambaye hakualikwa lakini alisikia kuna jambo.

Kusema kweli ilikuwa kazi nzuri. Esnah alikuwa juu, mkubwa, kichwa chake kimejaza kona nzima, anatazama chini. Drusilla na mtoto walikuwa pembeni. Na chini kabisa, kwenye kona nyingine, Alfayo mdogo ameinua uso kumtazama. Macho kwa macho! Na ili mtu asije akakosa kuelewa, Mrusi wetu alikuwa amechora mstari mwekundu kutoka jicho la mama mkwe mpaka jicho la mkwe.

Esnah hata hakuuona uso wa kijana. Aliona mstari tu. Akaitupa karatasi, akajifunika leso kichwa kizima, akageukia ukuta. Drusilla akaishika picha akaigeuza chini. "Mama, hakujua," akasema, "huyu mzungu hakujua."

Momanyi ndiye aliyepata la kusema. Alisema jambo kama hili haliwezi kuachwa hivihivi, lazima kuwe na mbuzi wa kusafisha. Niliona mzee wa kanisa akilisahau kanisa lote pale nyama ilipokaribia. Akasema pia kwamba mzungu huyo ahame mji. Nikamwambia mpangaji wangu atahamishwa na mimi, na siku hiyo haijafika.

Walipotoka, Esnah akabaki kwangu amelala chumba cha Samsam bila kula. Mimi nikaenda kwa Bwana Zarubini nikamweleza kosa lake, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Nikamwambia ni kazi ndogo, amkate Alfayo amgeuze. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja mikono juu ya mifuko yake yote.

"Mimi geuza hapana."

"Hapana vipi?"

"Kule kwetu wao naambia mimi, badilisha. Mimi nakataa. Mama Samsam, mimi nakuja mpaka Kisii sababu ya kukataa. Sasa nabadilisha hapa, sababu ya mama mkwe? Basi bure mimi nakuja. Bora mimi nakaa kule, napiga watu wanacheka."

"Kule uliamrishwa. Hapa umeombwa."

"Kuamrishwa, kuombwa, mkasi ni ile ile."

Nilimwita kichwa kigumu kwa lugha zangu zote. Nilimwambia kwamba mwanamke ana siku mbili tu za kupata alichokitafuta miaka yote, na yeye amekaa hapa analinda karatasi. Aligeuka akaanza kupanga chupa zake za dawa. Niliumia, na niliona haya pia, maana mimi ndiye niliyemleta Esnah kwake nikijisifu. Usiku huo niliomba Mungu amlainishe, na nikaongeza kwamba akishindwa kumlainisha amtie mafua.

Alfayo na wenzake ni Wasabato, na Jumamosi hawafanyi kazi, lakini walitoka kanisani adhuhuri, na Alfayo akaja moja kwa moja na suti yake ya harusi. Alikuwa amesikia. Hakuwa na kosa lolote, lakini alikuja kuomba radhi, ndivyo alivyolelewa. Nilimwambia mama yuko ndani. Akarudi hatua, akatoka hadi uani, akasimama nyuma ya ukuta wa mabati wa duka, akaupa ukuta mgongo.

"Mama," akaita, "ni mimi Alfayo. Picha ile siyo macho yangu. Macho yangu yalitazama mlima."

Ndani, Esnah alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani. Naye akageuka, akaupa ukuta mgongo, ndipo akajibu. "Nimesikia, mwanangu. Mmekula?"

"Tumekula."

"Huko mnakokwenda kuna wimbi?"

"Nimeambiwa kuna mtama."

"Mtama pia ni chakula."

Waliendelea hivyo, vitu vidogo vidogo, blanketi, maji ya kuchemsha, kikohozi cha mtoto. Kati yao kulikuwa na mabati, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwenye kizingiti alikuwa amesimama Bwana Zarubini na kikombe chake. Kutoka pale aliwaona wote wawili kwa mara moja, mmoja kila upande, migongo imeelekeana, sura zimeelekea mbali, na maneno ya upole yanapita katikati. Kikombe kilibaki hewani. Nilimtazama akitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakulala chini, hakupanda popote, hakuinamisha kichwa. Alisimama wima kama mtu.

Alfayo alipoaga, Mrusi akanikamata mkono. "Wanafanya hivyo kila siku?"

"Kila siku tangu aoe."

"Wao napendana?"

"Wewe umeona nini?"

Alichukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa, bila ruhusa, akajifungia. Nikamsikia akiimba kikwao kule gizani. Jioni akatoka mara moja kuuliza kama nina karatasi nyeupe, nyeupe kabisa. Nikampa ile ya kukatia vielezo vya magauni. Akarudisha kipande, nikamuuliza kama imemshinda. Akasema, "Hapana. Mahali hakuna kitu, hapo ndipo kazi kubwa. Kule kwetu hakuna bwana mkubwa naomba mimi mahali patupu. Wao nataka jaza, jaza." Akarudi ndani.

Jumapili alasiri tuliitwa tena. Momanyi alikuja mapema, nadhani bado ana matumaini ya mbuzi.

Safari hii Esnah alikuwa upande wa kushoto, mkubwa vilevile, amegeukia nje, anatazama kitu kilicho nje ya karatasi. Upande wa kulia, juu kidogo, Alfayo ametazama mlima wake. Kati yao palikuwa peupe, upana wa viganja vitatu, hakuna mstari, hakuna rangi, hakuna chochote. Chini ya weupe ule, Drusilla ameketi na mtoto mapajani. Ukiitazama unaona watu waliotengana, halafu macho yakizoea unaona kwamba weupe wenyewe ndio unaowashika. Mimi si msomi wa picha. Lakini nilimsikia moyoni mama yangu Bosibori, namna alivyokuwa akisogea njiani mkwe wake, mume wangu, akipita, na nililia mbele za watu bila kujali.

Momanyi akaichukua karatasi. Akaitazama kwa urefu, akaigeuza, akaitazama kwa upana, akaweka kidole kwenye macho ya Esnah akafuata yanakoelekea mpaka kidole kikatoka nje ya karatasi. Akafanya hivyo kwa Alfayo.

"Hawatazamani," akasema mwishowe, kwa huzuni.

"Na mimi nikimtazama?" Esnah akauliza kutoka nyuma ya leso yake. "Hapo kwenye picha. Nikimtazama yeye?"

Swali hilo hakuna mzee aliyewahi kuulizwa, maana kabla ya Bwana Kombo lisingeweza kuwepo. Momanyi alikuna kidevu. Nitamsifu kwa jambo moja, mwenye haki mpe haki yake: alifikiri kweli, si kwa mdomo tu.

"Chinsoni ni ya watu wawili," akasema. "Huyu anatazama kilima. Hajui kama unamtazama. Mtu hawezi kuona haya peke yake. Mtazame, shemeji. Lakini sisi tutoke."

Tukatoka wote. Bwana Zarubini alitaka kubaki mlangoni, nikamvuta kwa mfuko wa ovaroli. Tukasimama uani, Drusilla akimbembeleza mtoto, Momanyi akijifanya anakagua paa langu. Alfayo alikuwa amebaki barabarani, mbali, kama ilivyopasa, akifunga na kufungua kifungo cha koti lake.

Esnah alikaa ndani muda mrefu. Nilianza kuogopa. Kisha akatoka, leso imeteremka mabegani, macho mekundu, akanijia mimi kwanza.

"Batuli, ni mtoto."

"Nani?"

"Huyu. Miaka yote nasikia ile sauti, nikajua nimemwoza binti yangu kwa mtu mzima. Kumbe ni mtoto. Ndevu hazijamshika vizuri. Na anaogopa, Batuli, nimemwona, anatazama huko juu lakini anaogopa Tabora kama mimi." Akashika kichwa cha mjukuu wake, kisha bega la Drusilla. "Kila usiku nilikuwa naombea wawili, Mungu Nyasae awalinde, nikijua kuna mkubwa amewashika mkono. Kumbe ninaowaaga kesho ni watoto watatu."

Akapenga kamasi kwa pindo la leso. Halafu akaniuliza ni duka gani linafunguliwa Jumapili, maana unga aliowafungia wa njiani hautatosha.